Bahari ni ya nani? Ubishi wa miaka mia nne kuhusu kupita, kuvua na kuchimba

Katika karne ya 16, nahodha aliyepakia pembe za ndovu Malindi au Mombasa na kungoja kusi impeleke Gujarat alihitaji kitu ambacho babu zake hawakukijua: karatasi ya Mreno. Iliitwa cartaz. Ndani yake liliandikwa jina la chombo na la nahodha, ukubwa wa chombo, idadi ya mabaharia, silaha zilizomo, bandari anayotoka na anayokwenda, pamoja na bidhaa zilizopigwa marufuku, pilipili manga ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Hati hiyo ilimlazimu pia apitie bandari yenye ngome ya Wareno na kulipa ushuru huko. Akikutwa baharini bila hati, chombo na shehena yote vilikuwa nyara. Hata merikebu za watawala wa Kimughal wa India zilizopeleka mahujaji upande wa Makka zililazimika kuwa nayo.

Wareno walijenga dai lao juu ya mambo mawili. La kwanza ni hati za Papa na Mkataba wa Tordesillas wa 1494, ambao uligawa safari za ugunduzi kati ya Ureno na Hispania kwa mstari uliochorwa katikati ya Atlantiki. La pili ni mizinga. Kilwa na Mombasa zilionja mizinga hiyo mwaka 1505, Francisco de Almeida alipozivamia na kuzipora. Mfalme Manuel wa Ureno alikuwa ameshajiita bwana wa ushindi, wa usafiri wa majini na wa biashara ya Ethiopia, Uarabuni, Uajemi na India. Alidai umiliki wa usafiri wenyewe, na hilo ndilo dai ambalo wanasheria wa Ulaya walikuja kulibishania kwa karne nzima.

Ubishi huo kwa kawaida husimuliwa kama pambano la pande mbili, wa bahari huria na wa bahari iliyofungwa, na mwisho wake wa huria wakashinda. Masimulizi hayo yanapotosha. Ndani yake mlikuwa na maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Nani anaruhusiwa kupita? Nani anaruhusiwa kuvua? Na nani ana haki juu ya kilichoko chini, kwenye sakafu ya bahari? Kila swali lilipata mshindi wake, na washindi hao hawakuwa watu walewale.

Alfajiri ya tarehe 25 Februari 1603, nahodha Mholanzi Jacob van Heemskerck, akisaidiwa na watu wa Johor, aliishambulia na kuiteka merikebu ya Wareno Santa Catarina karibu na Singapore. Ilikuwa imesheheni hariri mbichi na vyombo vya kauri kutoka China. Mzigo ulipouzwa kwa mnada Amsterdam ulileta zaidi ya gilda milioni tatu, fedha zilizoishangaza Ulaya. Tatizo likawa uhalali wake. Heemskerck hakuwa ametumwa kwenda kupora, na baadhi ya wanahisa wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki waliona fedha hizo ni haramu. Mahakama ya Amsterdam ilihalalisha nyara hizo Septemba 1604, lakini Kampuni hiyo ilitaka hoja nzito zaidi ya hukumu. Ikampa kazi kijana wa miaka 21 kutoka Delft, Hugo de Groot, anayejulikana zaidi kwa jina la Kilatini la Grotius.

Aliandika kitabu kirefu ambacho hakikuchapishwa wakati wa uhai wake. Muswada ulikuja kuonekana mwaka 1864 ulipopelekwa mnadani huko The Hague. Sura yake moja, ya kumi na mbili, ndiyo iliyotolewa peke yake mwaka 1609 bila jina la mwandishi, wakati Uholanzi na Hispania zikijadiliana kusitisha vita. Ikapewa jina Mare Liberum, yaani Bahari Huria.

Hoja ya Grotius ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kwamba kitu huwa mali ya mtu kwa kukishika: ardhi unaweza kuizungushia ua, kuilima na kuilinda, ilhali bahari haishikiki. Kupita juu ya maji hakuachi alama inayoweza kuitwa umiliki. Kuhusu mistari ya Papa na wafalme, alisema kwamba kama kuchora mstari kungetosha kumpa mtu mali, basi wataalamu wa jiometria wangeshatunyang'anya dunia zamani, na wanajimu wangeshachukua mbingu. Mguu wa pili ni kwamba bahari haipungui. Atumiaye njia ya majini hamnyimi mwingine chochote, na kwa mawazo yake hata samaki walikuwa hivyohivyo.

Alisema jambo jingine ambalo sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi tunapaswa kulisoma kwa makini. Wareno walidai haki kwa kuwa ndio waliotangulia kusafiri katika bahari hizi. Grotius akawauliza: Waarabu, Wahabeshi, Waajemi na Wahindi, wote waliokaa kando ya bahari hiyo, hawakuijua? Vasco da Gama mwenyewe hakufika Calicut mwaka 1498 kwa kubahatisha. Alichukua rubani Malindi aliyeifahamu njia. Biashara ya majahazi kati ya Kilwa, Aden, Hormuz na Cambay ilikuwa na umri wa karne kadhaa, na watawala wa bandari walitoza ushuru forodhani, lakini hakuna aliyedai kumiliki njia yenyewe ya majini. Tukisema kwamba uhuru wa bahari ulibuniwa Uholanzi tunapunja historia. Grotius aliupatia lugha ya kisheria ya Kilatini. Desturi yenyewe aliikuta ikiishi.

Ushahidi mzuri zaidi umetoka Makassar, kisiwani Sulawesi, katika Indonesia ya leo. Mwaka 1615 Waholanzi walimtaka Sultani Alauddin awazuie watu wake kwenda kununua viungo katika visiwa vya Maluku. Jibu lake limehifadhiwa: Mungu aliumba nchi kavu na bahari, nchi kavu akawagawia wanadamu, bahari akaiacha iwe ya wote, na haijapata kusikika kwamba mtu akatazwe kusafiri majini. Ni maneno ambayo yangeweza kunukuliwa kutoka Mare Liberum, isipokuwa kwamba sasa yalielekezwa kwa waajiri wa Grotius. Waholanzi hawakuyakubali. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen aliviangamiza visiwa vya Banda, vilivyo hukohuko Maluku, ili kungumanga na basibasi viuzwe kwa kampuni yake tu. Wenyeji wengi waliuawa, wakafa njaa au wakachukuliwa utumwani. Makassar nayo ililazimishwa kutia saini mkataba mwaka 1667, na ngome yake kuu ikaanguka miaka miwili baadaye.

Grotius mwenyewe alikumbana na maandishi yake. Mwaka 1613 alikuwa katika ujumbe wa Uholanzi uliokwenda London kujadili biashara ya viungo. Waingereza walilalamika kwamba wanazuiwa kufika visiwani, wakamnukulia Mare Liberum. Jibu la Waholanzi likawa kwamba bahari ni huria kweli, lakini wenyeji wamekwisha kufunga mikataba ya kuwauzia wao peke yao, na mikataba lazima iheshimiwe. Mikataba hiyo ilipatikana vipi, hilo halikujadiliwa.

Ndipo linapoingia swali la samaki. Uskoti ilikuwa na kero ya siku nyingi: meli za Waholanzi zilijaa kwenye pwani yake kila msimu zikivua heringi. Mfalme James wa Uingereza na Uskoti alitoa tangazo Mei 1609 kuwataka wavuvi wa kigeni wachukue leseni. Mwaka 1613 mwanasheria Mskoti, William Welwod, akamjibu Grotius. Hakubisha kwamba bahari kubwa, mbali na nchi, iko huru kwa wote. Alichobisha ni maji ya karibu na pwani. Mipaka, alisema, inaweza kuwekwa hata majini kwa kutumia dira na kina cha maji. Kisha akaugonga mguu wa pili wa Grotius palepale penye ufa: samaki wanaweza kuisha. Kwenye pwani ya Uskoti, alieleza, heringi waliokuwa wakija hadi karibu na nchi wametawanywa na uvuvi usiokoma wa wageni, na wavuvi wadogo ndio walioumia.

Naamini Welwod hajapewa heshima anayostahili. Mvuvi yeyote wa Kigamboni, Nungwi au Lamu anayeona meli kubwa zikikokota nyavu upeo wa macho anaielewa hoja hii bila kufundishwa. Grotius alimwandikia jibu, ambalo nalo lilikaa kabatini hadi karne ya 19. Kama wangesomwa sambamba tangu mwanzo, pengine watu wangetambua mapema kwamba walikuwa wakizungumzia mambo mawili: mmoja njia, mwingine chakula.

Wengine walifuata. Serafim de Freitas, padri Mreno, alitoa utetezi wa Ureno mwaka 1625. Mwingereza John Selden alichapisha Mare Clausum, Bahari Iliyofungwa, mwaka 1635 kwa amri ya Mfalme Charles, akipanga mifano mingi ya dola zilizopata kutawala bahari, Venice ikiwamo. Lakini hata Selden, mtetezi mkubwa wa bahari ya mfalme, alikiri kwamba kumkatalia mpita njia asiye na madhara ni kinyume cha utu. Kwenye suala la kupita, basi, wapinzani hawakuwa mbalimbali kama majina ya vitabu vyao yanavyodokeza.

Suluhisho la kwanza lilitoka kwenye mzinga. Mwanzoni mwa karne ya 18, Mholanzi Cornelius van Bynkershoek aliandika kwamba mamlaka ya nchi yanakoma pale nguvu za silaha zake zinapokoma. Mwitaliano Galiani akapendekeza mwaka 1782 kwamba badala ya kubishana kuhusu aina za mizinga, zihesabiwe maili tatu. Marekani ikazitumia kuanzia 1793, na dola kubwa za majini zikazishikilia kwa muda mrefu. Zilikuwa na sababu: maji ya wengine yakiwa membamba, manowari zao zinakaribia zaidi.

Nje ya maili hizo kulizuka fundo ambalo linaihusu pwani yetu moja kwa moja. Ikiwa bahari kuu haina mwenyewe, nani atamkamata mhalifu huko? Jibu la sheria ni bendera. Meli ni kama kipande cha nchi ambayo bendera yake inapepea mlingotini, na ni nchi hiyo tu yenye haki ya kuisimamisha, ukiacha maharamia, ambao yeyote anaweza kuwakamata. Mwaka 1817, katika kesi ya Le Louis, meli ya Kifaransa iliyoshukiwa kusafirisha watumwa, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba wakati wa amani hakuna taifa lenye haki ya kuipekua meli ya taifa jingine baharini. Uhuru wa bahari ukawa ngao ya wauza watu. Uingereza ikalazimika kufunga mkataba na dola mojamoja, zikiwamo za Oman na Zanzibar, ili manowari zake zipate ruhusa ya kupekua.

Ufaransa ilikataa meli zake zipekuliwe. Wenye majahazi wa Sur, Oman, wakaona upenyo. Wakajipatia hati na bendera za Kifaransa, na manowari ya Uingereza ikikutana na jahazi lenye bendera hiyo, mikono yake ilikuwa imefungwa. Ugomvi ukafika Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, ikauamua tarehe 8 Agosti 1905. Wenye majahazi waliopewa haki ya bendera kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipoidhinisha Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa, waliachiwa bendera hiyo. Baada ya tarehe hiyo Ufaransa haikuruhusiwa tena kuwapa raia wa Sultani wa Oman bendera yake, isipokuwa wachache iliokuwa ikiwalinda kisheria tangu zamani. Tena haki hiyo ilikuwa ya mtu binafsi: haikuweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine wala jahazi jingine. Leo mkataba wa bahari unaruhusu manowari kuisimamisha meli inayoshukiwa kubeba watumwa, na unasema mtumwa akikimbilia meli yoyote, yenye bendera yoyote, papo hapo ni huru. Kanuni hiyo ilipatikana kwa gharama kubwa, na watu waliosafirishwa kutoka mwambao huu ni sehemu ya gharama hiyo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hoja ya Welwod ilirudi na meno. Tarehe 28 Septemba 1945 Rais Truman alitangaza kwamba mali iliyo kwenye sakafu ya bahari inayoendeleza nchi ya Marekani chini ya maji ni ya Marekani. Alikuwa akifikiria mafuta. Chile na Peru zikafuata mwaka 1947 kwa kudai maili 200, zikiwafikiria nyangumi na samaki. Mikutano ya Umoja wa Mataifa ya 1958 na 1960 ilishindwa kukubaliana upana wa maji ya nchi. Ule wa pili ulikwama kwa upungufu wa kura moja.

Wakati huo nchi nyingi za Afrika ndiyo kwanza zilikuwa zinapata uhuru, na zilizikuta kanuni ambazo hazikushiriki kuziandika. Meli za kigeni zenye majokofu na nyavu kubwa zilivua mbele ya pwani zao, zikagandisha samaki hukohuko na kuondoka bila kutia nanga. Tanzania ilitangaza maili 50 mwaka 1973. Kenya ilichukua njia ya werevu zaidi. Januari 1972, mjini Lagos, kwenye kikao cha wanasheria wa Asia na Afrika, mwakilishi wake Frank Njenga aliwasilisha wazo la ukanda wa kiuchumi, na Agosti mwaka huohuo Kenya ikapeleka rasimu ya vifungu Geneva, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa. Wazo lenyewe lilikuwa hili: nchi ya pwani isiimiliki bahari hadi maili 200, bali imiliki mali iliyomo. Samaki na madini viwe vyake, meli ziendelee kupita.

Hapo ndipo fundo la 1609 lilipofunguka. Kupita kulitenganishwa na kuvua. Dola zenye manowari hazikupoteza njia, na nchi maskini zikapata rasilimali zao. Wazo hilo lilipita katika Mkutano wa Tatu wa Sheria za Bahari ulioanza 1973, likawa sehemu ya Mkataba uliotiwa saini Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982. Tanzania iliuridhia 1985 na Kenya 1989, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 16 Novemba 1994.

Kwa mujibu wa Mkataba huo, meli inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda mashariki huanza katika maji ya kitaifa, maili 12 za baharini, karibu kilomita 22. Humo sheria ya Tanzania inatawala, ila meli ya kigeni ina haki ya kupita kwa amani mradi haifanyi ujasusi, haivui wala haichafui. Baada ya hapo hadi maili 200, kama kilomita 370, ni ukanda wa kiuchumi: meli ya nchi yoyote inapita, ndege inaruka juu, nyaya za mawasiliano zinalazwa, lakini atakayetupa ndoana kumvua jodari lazima awe na leseni. Zaidi ya maili 200 ni bahari kuu, ambayo kwa dunia nzima ni karibu theluthi mbili ya bahari yote. Huko hakuna nchi inayoruhusiwa kudai mamlaka, na sheria ya chombo ni bendera yake.

Haki ya karatasi hailindi samaki, hilo nalikubali. Leseni isiyo na boti ya doria nyuma yake ni rahisi kuidharau, na nchi zetu zimepoteza mengi kwa sababu hiyo. Lakini bila ukanda huo kusingekuwa hata na kosa la kumshtaki mwizi.

Swali la tatu bado liko mezani. Tarehe 1 Novemba 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba sakafu ya bahari kuu ina madini mengi na kwamba teknolojia ya kuyafikia inakuja. Pasipo sheria, wenye mitambo wangejitwalia yote. Akapendekeza yawe urithi wa pamoja wa wanadamu. Kwa hili Grotius hana msaada: bahari yake ilikuwa huria kwa kuwa haishikiki wala haipungui, na madini yanashikika na yanakwisha. Mkataba wa 1982 ulimfuata Pardo. Kamisheni ya kuandaa chombo cha kusimamia madini hayo iliongozwa mwanzoni na Joseph Warioba wa Tanzania, na chombo chenyewe, Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, kina makao Kingston, Jamaica. Nchi tajiri zilikataa masharti ya awali hadi yalipolegezwa mwaka 1994.

Marekani haijauridhia Mkataba hadi leo. Aprili 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuharakisha leseni za uchimbaji chini ya sheria ya Marekani yenyewe, hata nje ya mipaka yake. Mamlaka ya Kingston nayo imetoa mikataba ya utafiti tu. Haijaruhusu hata mgodi mmoja wa kibiashara, kwa sababu kanuni za uchimbaji hazijakamilika. Kundi la nchi za Afrika limekuwa likidai katika vikao hivyo kwamba wachimbaji walipe mrabaha wa kutosha na kwamba nchi zinazochimba madini hayohayo nchi kavu, Kongo ikiwa na kobalti yake, zifidiwe bei ikianguka. Dai hilo halijapata jibu.